Mnara Ulikuwa Upande Gani?

Nilipanda basi siku nne kwenda Johannesburg kutazama picha ya kanisa. Anayetaka kucheka acheke, hata afisa wa mpakani alicheka. Lakini mama yangu alikuwa atolewe kaburini Jumatatu ya wiki ya tatu, na mimi si mtu wa kukaa kitako jambo kama hilo linakuja.

Habari yenyewe ni hii. Kijijini kwetu, nyuma ya Muheza, tuna kanisa la mawe walilojenga Wazungu wa misheni zama za babu wa babu zetu. Ni mtindo ule wanaouita wa Kigothi, madirisha membamba yenye ncha juu na paa lililosimama wima. Zamani lilikuwa na mnara wa kengele ubavuni. Mnara ulianguka kabla bibi yangu hajazaliwa, mawe yake yakachukuliwa kujengea zahanati, na leo hakuna aliye hai anayejua ulisimama upande gani. Mwaka huu kamati ikaamua kuujenga upya, palepale pa zamani, juu ya msingi wake.

Ushahidi ulikuwa mmoja tu, picha iliyochapishwa karne ya kumi na tisa. Aliichora mchoraji mmoja wa mandhari, wale waliokuwa wakizunguka nchi za watu wakichora milima na mito, na wakikuta jengo la kwao katikati ya minazi wanalichora nalo. Nakala yetu iko ofisini kwa katekista. Ni fotokopi ya fotokopi. Kanisa unaliona, na mnara unauona, upo kushoto ukisimama ukitazama mlango. Watu waliosimama mbele ya mlango ni madoa tu, hujui yupi mwanamume yupi mwanamke.

Basi kushoto ndiko kwenye makaburi. Mama yuko mstari wa kwanza kabisa, hajatimiza miaka mitatu tangu azikwe. Kulia kuna ukumbi wa mikutano wenye sakafu ya saruji, na ukumbi ule Mwenyekiti wa kamati aliusimamia mwenyewe tangu tofali la kwanza. Anaupenda kuliko nyumba yake. Nikasimama kwenye kikao nikawaambia kwamba mama, enzi za uhai wake, alisikia kwa bibi yake kuwa mnara ulikuwa upande wa kisima, na kisima kiko kulia. Mwenyekiti akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi.

"Dada Agnes," akasema, "hatuwezi kuvunja sakafu kwa maneno ya marehemu. Picha inasema kushoto."

Ndipo nikamkumbuka Stefano. Stefano ni mtoto wa mjomba wangu, ni mlinzi wa ofisi moja huko Johannesburg, eneo la Sandton. Aliwahi kuniambia kwamba ukutani mwa ofisi hiyo kuna picha kubwa ya kanisa letu, na jina la kijiji limeandikwa chini yake. Nikampigia. Kupiga picha mle ndani ni marufuku, kwa hiyo akajifanya anajipiga mwenyewe, kanisa likiwa nyuma ya bega lake. Nilipoifungua ile picha nusura nianguke kwa furaha. Mnara ulikuwa kulia!

Nikaipeleka kwa Mwenyekiti mbio. Akaitazama, akatoa simu yake, akaandika jina lake kwenye karatasi, akaishika kifuani na kujipiga. Kisha akatuonyesha wote. Herufi zilikuwa zimegeuka kinyume. Akasema simu hizi ukijipiga mwenyewe zinageuza, na kitambulisho cha Stefano kifuani kinaonyesha vilevile. Kamati ikacheka. Mimi uso uliniwaka moto.

"Akiwepo mtu wa kwenda kuiona kwa macho yake, akaja na picha iliyopigwa sawasawa, tutamsikiliza," akasema. "Lakini mafundi wanaanza Jumatatu ya wiki ya tatu kutoka leo, na ndugu wa marehemu wajiandae."

Alisema vile akijua hakuna wa kwenda, na Stefano naye alikuwa amehamishiwa getini, ndani haingii tena. Nikamwambia nitakwenda mimi. Mimi ni mpishi wa shule ya msingi, na shule zilikuwa zimefungwa.

Jumamosi alfajiri niliondoka Muheza na begi moja na kikapu cha mikate ya mofa. Dar es Salaam nilibadilisha basi, nikapata kiti cha dirishani, na hapo ndipo shida ilipoanza, maana sikuweza kukikalia. Nilikuwa nikisimama, nikienda mbele kwa dereva, nikirudi nyuma, nikimuuliza kondakta tumefika wapi. Mbeya bado. Hata Makambako bado. Kondakta, kijana wa Kichaga mwenye maneno, akanipa jina la Mkaguzi, na abiria wote wakaniita hivyo mpaka Afrika Kusini.

Tunduma tulifika Jumapili mchana. Malori yalikuwa yamejipanga barabarani hadi macho yanachoka, na sisi tukasubiri saa sita tuvuke kuingia Zambia. Wenzangu walitandika khanga chini wakalala. Mimi nilizunguka lile basi mara sijui ngapi, nikipanga maneno nitakayomwambia Mwenyekiti siku nitakayorudi. Yalikuwa makali, na kila mzunguko niliyaongezea makali.

Zambia yote niliipita nikitazama nje bila kuona kitu, Mungu anisamehe, maana wanasema ni nchi nzuri. Zimbabwe vivyo hivyo. Ninachokumbuka ni joto la Mto Zambezi pale Chirundu na mama mmoja aliyeniuzia mahindi ya kuchemsha akanishika mkono, akaniuliza kwa Kiingereza changu na chake cha kubahatisha kama nina mgonjwa huko ninakokwenda. Nikamwambia nina maiti nyuma. Hakuelewa, lakini akaniongezea hindi.

Jumanne jioni tulifika mpakani mwa Afrika Kusini. Afisa, kijana mwenye miwani, akaniuliza nimekuja kufanya nini. Nikasema kutazama picha. Akauliza picha ya nani. Nikasema ya kanisa. Akaniuliza kama kwetu hakuna makanisa. Nikamjibu yapo, ila hili ni la kwetu na picha yake iko kwenu. Akacheka, akamwita mwenzake aje anione, kisha akagonga muhuri.

Jumatano asubuhi tuliingia Johannesburg. Stefano alinipokea kituoni akiwa bado na sare ya kazi. Amenenepa, na Kiswahili chake kimeota mambo. Kila baada ya sentensi ni "eish", na taa za barabarani anaziita robot. Anaishi Doornfontein, ghorofa ya tatu, chini kuna karakana ndogondogo za cherehani na za uchapaji. Binti yake wa miaka kumi na mitano anaelewa kila nikisemacho, lakini hunijibu kwa Kizulu. Nikamwambia Stefano huyu mtoto amempoteza. Akasema hajapotea, yuko kwao. Sikupenda jibu lile.

Alipotaka nipumzike nikakataa. Nilitaka twende Sandton saa ileile. Akaniambia bosi wake hayupo mpaka kesho, na bila ruhusa ya bosi sitavuka hata mlango. Siku nzima nikabaki pale ghorofani nikifua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Alhamisi tukapanda treni ya kasi. Sandton kila kitu ni kioo, mpaka unaona aibu ya viatu vyako. Bosi wake Stefano kumbe ni Mkenya, mwanamke anaitwa Njeri, anasimamia ofisi ile. Stefano alikuwa na hofu ya kufukuzwa kazi kwa ile picha ya kuibia, lakini nilimweleza Njeri mambo yote bila kuficha, makaburi, sakafu na Mwenyekiti. Akanisikiliza amesimama. Kisha akasema, "Mimi pia mama yangu amezikwa Nyeri. Kuja uone, na upige picha, ila usiguse ukuta."

Akanipeleka mwenyewe. Picha ilikuwa kwenye ukumbi wa mapokezi, kubwa, safi, mistari yake myembamba. Kanisa letu! Niliyatambua madirisha yetu yote.

Na mnara ulikuwa kushoto.

Nilitazama tena. Nikarudi hatua tatu nyuma nikatazama tena. Kushoto, kama kwenye fotokopi ya katekista, kama alivyosema Mwenyekiti. Simu ya Stefano ilikuwa imegeuza kweli. Nimepita nchi nne kwenda kuthibitisha kwamba mama yangu atafukuliwa. Stefano akasema "pole, dada," nami nikamwambia anyamaze, maana kosa lilikuwa lake na sikuwa na nguvu za kumsamehe wakati ule. Njeri akaniletea kiti na maji.

Nikakaa. Mnara sikutaka kuuona tena, na kwa kuwa macho lazima yatue mahali, yakatua kwa wale watu mbele ya mlango, madoa yetu ya fotokopi. Hapa walikuwa watu kamili. Wanawake wanne, wanaume watano, na padri Mzungu mwenye kanzu ndefu. Mwanamke mmoja anampa mwanamume kibuyu cha maji. Nami nikakasirika, nikakasirika kama ninavyokasirika dirishani pa jiko la shule. Huyu mwanamke alikuwa anampa mwenzake maji kwa mkono wa kushoto!

Niseme kitu kuhusu kazi yangu. Napakulia watoto mia tatu kila siku, na mtoto akileta sahani kwa mkono wa kushoto simpi chakula mpaka abadilishe. Wananijua. Mkono ule nauona kabla sijauona uso. Na sasa nilikuwa namwona mwanamke mzima, wa zama zile, wa kwetu Bonde, anampa mtu maji kwa kushoto, na mtu anapokea kwa kushoto, mbele ya padri. Haiwezekani. Nikamtazama padri. Ameinua mkono kuwabariki watu. Kushoto! Mwenye jembe amelishika kushoto. Wawili wanapeana mikono, kushoto kwa kushoto.

Nikamwonyesha Stefano. Akasema mchoraji wa milima na miti atajua nini kuhusu mikono ya watu, aliwaweka tu kama anavyoweka mbuzi ili kanisa lionekane kubwa. Nikaona huenda ni kweli. Nikapiga picha yangu kwa kamera ya nyuma, sawasawa, nikamshukuru Njeri, tukarudi. Lakini ule mkono haukuniacha. Mzungu anaweza asijue adabu zetu, sawa. Ila padri wake mwenyewe anabariki kwa mkono upi, hata hilo halijui?

Ijumaa Stefano alikwenda kazini. Nikashuka chini kwa kuwa ghorofani kulikuwa kumenibana, nikaingia karakana ya jirani yake, Papa Kalala, Mkongomani wa Bukavu anayechapa fulana. Huko mtu akifa, ndugu zake huvaa fulana zenye sura yake siku ya mazishi. Papa Kalala alikuwa na kazi hiyo, fulana za bibi mmoja wa mtaani. Nikakaa kwenye kibao nikimtazama. Kwenye kompyuta yake jina la yule bibi lilikuwa limeandikwa kinyume, na nikamwambia amekosea, atawaudhi wafiwa.

Akacheka. Akachapa karatasi, herufi kinyume vilevile, akailaza kifudifudi juu ya fulana, akashusha pasi yake kubwa. Alipobandua, jina lilikuwa limekaa sawa.

"Mama, kazi yetu njo vile," akasema kwa Kiswahili cha kwao, yaani ndivyo ilivyo. "Karatasi inalala uso kwa uso na nguo, kila kitu kinahama upande. Ukichora sawa, inatoka kinyume. Mimi mwaka wa kwanza nilichapa za kwaya muzima, zote kinyume. Nililia."

Nikaruka kutoka kwenye kibao. Nikamtolea simu, nikamuuliza picha za vitabu za zamani zilichapwaje. Akaitazama picha yangu kwa kuivuta, akasema ni njia ileile, ndiyo babu wa fulana hizi. Fundi alichonga kwenye ubao au kwenye jiwe, wakapaka wino, wakalaza karatasi juu, na karatasi ikabeba kila kitu kinyume. Fundi mzuri aligeuza kwanza. Mwenye haraka aliiga mchoro ulivyo. Nikamuuliza mbona maneno ya chini yamekaa sawa. Akasema maneno walikuwa wakiyapanga mbali, na hayo hakuna aliyethubutu kuyakosea, maana msomaji angeona. Kanisa la Afrika nani angeona?

Kisha nikamwomba aigeuze picha yangu kwenye kompyuta. Akabonyeza mara moja. Mwanamke akampa mwenzake maji kwa mkono wa kulia. Padri akabariki kwa kulia. Wenye kupeana mikono wakapeana ipasavyo. Na mnara ukahamia kulia, upande wa kisima, pale aliposema bibi yake mama. Nililia mbele ya Mkongomani nisiyemjua, na sikuona haya. Akanichapia zote mbili kwenye karatasi kubwa, iliyogeuzwa na isiyogeuzwa, na fulana moja aliyoikosea mwaka ule wa kwanza akanipa niende nayo kama ushahidi. Stefano aliporudi jioni nilimsamehe.

Jumamosi nikapanda basi la kurudi. Kondakta alikuwa yuleyule, akaniuliza kama Mkaguzi amekagua. Nikamwambia nimekagua, lakini njia ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda, maana sasa nilikuwa na kitu cha kupoteza. Lori lilipinduka mbele yetu Zambia, tukakaa siku nzima. Gurudumu likapasuka karibu na Iringa. Nililikumbatia bomba la karatasi zangu mpaka mikono ikafa ganzi. Nilifika Muheza Alhamisi, nikiwa na siku nne mkononi.

Jumapili baada ya ibada kamati ikakaa ukumbini, juu ya ile sakafu. Nikatandika mezani picha isiyogeuzwa. Mwenyekiti akaitazama na kunishukuru kwa uaminifu wangu, akasema kama tulivyoona wote, mnara uko kushoto. Nikamwomba Bibi Marselina, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote kanisani na macho yake bado yanatunga uzi sindanoni, asogee awatazame wale watu, anieleze wanafanya nini.

Bibi akainama muda mrefu. Kisha akainua kichwa, amechukia kabisa.

"Huyu mwanamke ametoka wapi?" akauliza. "Anampa mtu maji kwa kushoto! Na huyu padri, ni padri gani anayebariki hivi?"

Watu wakasogea. Wanawake ndio walioanza, kila mmoja anaonyesha mkono mwingine. Nikatandika picha ya pili pembeni ya ile ya kwanza, na fulana ya kwaya juu yake, nikaeleza niliyoyaona Doornfontein. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi mkubwa. Haukutokea. Mwenyekiti aliisoma ile fulana ya kinyume kwa kidole, herufi moja moja, na nikaona ameshaelewa, maana somo lile yeye ndiye aliyetufundisha, kwa simu yake mwenyewe. Akaitazama sakafu yake. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma.

"Mafundi waanzie humu," akasema. "Ukanda mmoja, pembezoni mwa ukuta."

Jumatatu asubuhi nyundo zikaanza. Sikuweza kusimama pale. Kama mawe hayapo, basi nimewavunjia watu ukumbi kwa ajili ya mkono wa mwanamke wa kwenye picha, na jioni wangehamia makaburini. Nilikwenda jikoni, nikarudi, nikaenda kisimani, nikarudi. Kila nilipopita mlangoni mwa ukumbi nilifumba macho kama mtoto. Mwishowe nikaenda kusimama kwa mama, nikang'oa magugu ambayo nilikuwa nimeshayang'oa jana yake.

Saa sita kasoro nyundo zikanyamaza. Mwenyekiti akaja anatembea taratibu, suruali nyeupe kwa vumbi la saruji.

"Yapo, Dada Agnes," akasema. "Mawe yapo. Msingi wote, hadi kona."

Yale maneno makali niliyoyapanga Tunduma sikuyapata hata moja. Nikamwambia pole kwa ukumbi. Akasema utajengwa mwingine. Kisha akaondoka kuwaita watu wengine waje waone.

Wananiuliza nimejifunza nini huko nilikokwenda. Nimejifunza kwamba picha ile nimeitazama maisha yangu yote na sikuwahi kuwatazama watu wake. Kamati ilitazama mnara, mimi nilitazama mnara, ofisi ya Sandton inatazama ukuta wake umependeza. Hata aliyewachora hakuwajali sana. Watu tisa wa kwetu walikaa pale mbele ya mlango, na walikuwa wakitwambia kila siku kwamba kuna kitu kimekaa kombo, ila hakuna aliyewauliza. Majina yao hatunayo. Katika misa ya Jumapili iliyofuata nilimwomba katekista awataje kama marehemu wetu, na akawataja.

Ila siku ile ya mawe, Mwenyekiti alipokwisha kuondoka, nilikaa chini kwenye nyasi kando ya mama. Nilikaa mpaka kivuli cha kanisa kikatufikia sote wawili, na hapakuwa na mahali popote nilipotaka kwenda.